Kizuri Chajiuza: Shuhuda za Uongo na Wajibu wa Mtaalamu wa Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa miaka mingi methali hii tumeifundisha darasani kama mfano wa methali zenye pande mbili zinazokinzana. Tumeonyesha ukinzani wa "kizuri" na "kibaya", wa "kujiuza" na "kujitembeza", kisha tukaendelea na somo. Muhula uliopita tulilazimika kuitazama upya. Tulitambua kwamba katika zama hizi za mtandao kibaya hakijitembezi tena chenyewe. Kimepata watu wa kukitembeza, na baadhi ya watu hao walikuwa wanafunzi wetu. La kusikitisha zaidi ni kwamba kazi yao tuliisahihisha sisi.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi maoni ya uongo ya wateja na mipango ya kutajirika haraka inavyofanya kazi, ilikotoka, na kwa nini inawahusu moja kwa moja walimu na wanafunzi wa Kiswahili. Tutaanza na kisa chenyewe, tutaangalia mifano michache kutoka Marekani, Uingereza na Afrika Mashariki, kisha tutaichambua lugha inayotumika. Mwisho tutaeleza msimamo ambao idara yetu imeuchukua.

Kisa kilichotufumbua macho

Wanafunzi wanne wa mwaka wa tatu walipata kazi ya kutafsiri kupitia simu. Mwenye kazi hakujitambulisha zaidi ya kutaja jina moja. Alituma matini fupi 40 za Kiingereza, kila moja ikiwa na sentensi nne au tano. Malipo yalikuwa shilingi 2,000 za Uganda kwa kila matini, takriban bei ya rolex moja, ile chapati ya mayai inayouzwa kando ya barabara zetu. Matini hizo zilikuwa maneno ya "wateja" waliofaidika na mafunzo fulani ya biashara ya fedha mtandaoni. Palipostahili kuwa na jina la msemaji paliachwa wazi, na maelekezo yalisema kwamba mfasiri aweke jina la Kiafrika na mji wowote.

Wanafunzi hao walituletea tafsiri zao tuzipitie. Tulizipitia kama walimu wa lugha wanavyopitia kazi za wanafunzi. Tulisahihisha upatanisho wa kisarufi, tukaondoa tafsiri sisisi, tukawapongeza. Mmoja wao alikuwa amepewa maelezo ya mama wa Kimarekani anayelea watoto peke yake huku akifanya kazi katika duka kubwa. Yeye akaandika: "Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza mitumba sokoni." Tulimsifu mbele ya wenzake, kwa kuwa ndivyo tunavyofundisha. Peter Newmark alitofautisha tafsiri ya kisemantiki na tafsiri ya kimawasiliano, na hii ya pili humtaka mfasiri aizingatie hadhira yake. Binti yule aliizingatia hadhira yake barabara. Swali moja tu hatukuliuliza: mama huyo ni nani?

Baada ya wiki sita binti huyo alikuja ofisini akiwa peke yake. Alisema, "Mwalimu, ile sentensi ya mitumba imempata mama mdogo." Mama yake mdogo anauza mitumba Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, ambako Kiswahili ni lugha ya soko. Aliusoma ushuhuda ule kwenye simu, akajiona mwenyewe ndani yake, akatuma shilingi 600,000. Baada ya siku chache alionyeshwa kwenye simu kwamba fedha zake zimefikia 1,900,000. Alipotaka kuzitoa aliambiwa alipe kwanza 400,000 za "kufungua akaunti". Alikopa, akalipa. Tangu hapo namba ile haikupatikana tena. Fedha zile zilikuwa karo ya watoto, na mpaka leo mama huyo hajui sentensi iliyomshawishi iliandikwa na nani.

Biashara ya shuhuda ilikotoka

Utapeli ni wa kale, lakini kuufanya ushuhuda kuwa bidhaa ya kiwandani kuna historia fupi zaidi. Nchini Marekani, mwaka 1984 mamlaka ya mawasiliano iliondoa ukomo wa muda ambao kituo cha televisheni kiliruhusiwa kuutumia kwa matangazo ya biashara. Kuanzia hapo kampuni ziliweza kununua nusu saa nzima, aghalabu usiku wa manane wakati bei ikiwa nafuu, na kutengeneza tangazo lenye sura ya kipindi. Kulikuwa na mtangazaji, mgeni mtaalamu, na watu waliojitokeza mmoja baada ya mwingine kusema walivyokuwa hohehahe na walivyokuja kutajirika. Mtazamaji hakuambiwa tu kwamba bidhaa ni nzuri. Aliwaona "watu kama yeye" wakiithibitisha.

Mfano unaoeleweka vizuri ni ule wa mafunzo ya John Beck ya kununua nyumba zinazouzwa kwa sababu ya kodi ambayo haikulipwa. Mafunzo hayo yaliuzwa kwa dola 39.95 pamoja na mengine mawili ya namna hiyo, moja likiahidi utajiri wa nyumba ndani ya siku 14 na jingine likiahidi mamilioni kupitia intaneti. Walionunua walipigiwa simu na kushawishiwa kununua huduma ya "ushauri wa binafsi" ambayo gharama yake ilifika hadi dola 14,995. Hapo ndipo faida ilipokuwa. Mwaka 2012 mahakama iliamuru wahusika walipe dola milioni 478, baada ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani kuonyesha kwamba karibu watu milioni moja walikuwa wamepotoshwa.

Tunaona hapa muundo ambao umebaki uleule hadi leo. Kiingilio huwa kidogo, ushuhuda huwa mwingi, na gharama halisi hujitokeza baada ya mtu kuwa ameshaingia. Shilingi 400,000 alizotozwa mama wa Busia ni ndugu ya dola 14,995 za ushauri.

Mteja anapogeuzwa mtangazaji

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kijanja zaidi. Badala ya kuwalipa mashahidi, matapeli waliwafanya wateja wenyewe wawe mashahidi. Kampuni ya TelexFree, iliyokuwa na ofisi zake Massachusetts, Marekani, ilidai kuuza huduma ya kupiga simu kupitia intaneti. Aliyejiunga kwa dola 339 alitakiwa kubandika tangazo moja kila siku mtandaoni, naye aliahidiwa dola 20 kila wiki kwa mwaka mzima, yaani dola 1,040. Aliyelipa dola 1,425 alitakiwa kubandika matangazo matano kwa siku na aliahidiwa dola 100 kwa wiki, yaani dola 5,200.

Matangazo hayo yalikuwa yameandikwa tayari. Kazi ya mwanachama ilikuwa kuyanakili na kuyabandika kwenye kurasa ambazo tayari zilijaa matangazo yaleyale ya wenzake. Hakuna aliyeyasoma. Kwa mujibu wa tume ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji, kati ya Agosti 2012 na Machi 2014 mauzo ya huduma ya simu yaliingiza takriban dola milioni 1.3, ilhali ahadi ilizowapa wanachama zilihitaji zaidi ya dola bilioni 1.1. Pengo hilo lilikuwa likizibwa kwa fedha za wanachama wapya. Aprili 2014 kampuni iliomba ulinzi wa kufilisika. Mwaka huohuo serikali ya Rwanda nayo ilisitisha shughuli zake nchini humo. Mmoja wa waanzilishi alihukumiwa kifungo cha miaka sita mwaka 2017, na mapema mwaka huo wapelelezi walikuta takriban dola milioni 20 zimefichwa chini ya godoro katika nyumba moja huko Massachusetts.

Kwa nini basi watu walipewa kazi isiyo na maana? Jibu ni la kisaikolojia na la kilugha pia. Mtu anayebandika tangazo kila asubuhi hujiona yuko kazini. Akiulizwa na jirani fedha inatoka wapi, hajibu "sijui", bali hujibu "nafanya kazi ya matangazo". Jibu hilo huwa ushuhuda, na jirani naye hujiunga.

Upatu, kupanda na kuvuna

Afrika Mashariki hatukusubiri kuletewa haya kutoka ng'ambo. Mwaka 2009, tulipokuwa Dar es Salaam kwa masomo ya uzamili, jiji lote lilikuwa likizungumzia taasisi ya DECI. Ndani ya daladala tulisikia watu wakisema "nimepanda" na "navuna mwezi ujao", wala hawakuwa wakizungumzia mahindi. Kupanda kulimaanisha kutoa fedha, na kuvuna kulimaanisha kupokea zaidi ya ulichotoa. Viongozi wa taasisi hiyo walifikishwa mahakamani mwaka huo, na mwaka 2013 walitiwa hatiani kwa kuendesha upatu haramu na kupokea amana za umma bila leseni.

Neno "upatu" lenyewe linastahili kutazamwa. Katika maana yake ya asili, upatu ni mchango wa zamu: watu kumi wanachanga kiasi sawa kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao anachukua chote. Hapana faida, wala hapana hasara. Uganda tunauita nigiina, Rwanda ni ikimina, Kongo ni likelemba, na Kenya watu huwa na chama. Mpango huu husimama kwa sababu wanachama wanafahamiana na idadi yao haiongezeki. Matapeli huchukua jina na heshima ya desturi hii, kisha huondoa mambo yote mawili yanayoisimamisha.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme kila anayejiunga anatakiwa kuleta watu 6. Ngazi ya kwanza ina watu 6, ya pili 36, ya tatu 216, ya nne 1,296. Ngazi ya kumi ingehitaji watu 60,466,176, nayo sensa ya Uganda ya mwaka 2024 ilihesabu watu milioni 45.9 tu, wakiwemo watoto wachanga. Kwa hiyo mpango huu huanguka hata kama anayeuendesha angekuwa malaika. Walio wengi huwa ngazi ya chini kabisa, na hao ndio wanaopoteza.

Hata majina huazimwa. Kampuni iliyofunga milango yake nchini kwetu Desemba 2019 na kuwaacha maelfu ya watu wakililia fedha zao ilijiita Dunamiscoins. "Dunamis" ni neno la Kiyunani la Agano Jipya lenye maana ya nguvu, nalo linafahamika sana kwa waumini wa makanisa ya kilokole. Jina lilikuwa limeshajenga imani kabla mtu hajauliza habari za leseni.

Nyota tano za kununua

Sambamba na mipango hii kumekua biashara ya maoni ya wateja. Siku hizi mtu akitaka kununua simu, kulala hotelini au kuchagua dawa ya ngozi, kwanza husoma walioitumia bidhaa hiyo wamesema nini na wameipa nyota ngapi. Jambo hili ni jema, na ni sawa na kumuuliza jirani. Tatizo ni kwamba jirani wa mtandaoni anaweza kutungwa.

Mwaka 2017 mwandishi Mwingereza Oobah Butler, ambaye awali alikuwa akilipwa pauni 10 kwa kila maoni ya uongo aliyoandika kuhusu migahawa, aliamua kupima jambo hili. Aliisajili banda la bustanini kwake, eneo la Dulwich jijini London, kuwa mgahawa katika ukurasa maarufu wa maoni ya wasafiri. Picha za vyakula alizitengeneza kwa kutumia vitu kama rangi na povu la kunyolea. Marafiki zake waliandika maoni ya kuusifu. Mwezi Novemba 2017 mgahawa huo, ambao haukuwahi kupika hata ugali, ulishika nafasi ya kwanza miongoni mwa maelfu ya migahawa ya London, na watu walikuwa wakipiga simu kuomba meza.

Butler alifanya hivyo kwa ajili ya kufundisha. Wengine walifanya kwa ajili ya kuuza. Februari 2019 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza kesi yake ya kwanza dhidi ya muuzaji aliyelipia maoni ya uongo katika duka la mtandaoni. Bidhaa ilikuwa vidonge vya kupunguza unene. Muuzaji alimweleza mwandishi wa maoni kwamba alihitaji wastani wa nyota 4.3 kati ya 5 ili aweze kuuza. Tuliposoma habari hiyo tulishangazwa na kiasi chenyewe. Hakuomba 5 kamili, kwa kuwa uongo uliopimwa huaminika kuliko uongo uliojaa pomoni.

Sheria zimeanza kuufuata mwendo huo. Marekani ilipitisha kanuni inayokataza kuuza na kununua maoni ya uongo, yakiwemo yanayoandikwa na programu za akili mnemba, nayo ilianza kutumika Oktoba 2024. Uingereza ilipiga marufuku kama hiyo kuanzia Aprili 2025.

Mahali njia mbili zinapokutana

Siku hizi maoni ya uongo na mipango ya kutajirika haraka vimeungana. Kijana hupokea ujumbe kwenye simu ukimwambia kwamba kuna kazi ya kuzipa hoteli au bidhaa nyota tano, naye atalipwa kwa kila nyota. Siku ya kwanza hulipwa kweli, fedha kidogo. Siku ya tatu huambiwa kwamba ili apate "kazi za daraja la juu" aweke amana. Fedha zake huonekana zikiongezeka kwenye simu, ila hazitoki. Kwa mujibu wa takwimu za tume hiyohiyo ya Marekani, malalamiko ya namna hii yalikuwa takriban 5,000 mwaka 2023, na katika nusu ya kwanza tu ya mwaka 2024 yalifika takriban 20,000.

Katika mpango huu anayeibiwa alikubali kwanza kusema uongo mdogo. Aliisifu hoteli ambayo hakuwahi kulala. Kwa sababu hiyo wengi huona haya kushtaki, na tapeli analijua hilo.

Lugha ya shuhuda za uongo

Baada ya kisa cha Busia tulizirudia zile tafsiri 40, safari hii tukizisoma kama matini za kuchunguzwa. Tuliona mambo matano.

Kwanza, shuhuda zote zilikuwa na mpangilio mmoja: mtu alikuwa na shida, alisikia habari, alikuwa na shaka, alijaribu, alishinda. Shaka haikukosekana hata mara moja. "Mwanzoni sikuamini" ndiyo sentensi iliyojirudia kuliko zote, kwa kuwa humwondolea msomaji shaka yake kwa kumwonyesha mwenzake aliyeiacha.

Pili, vitenzi havina watendaji. "Unalipwa", "fedha inaingia", "akaunti inakua". Ukiuliza ni nani analipa, anailipa kutoka wapi na kwa kazi gani, sentensi haina jibu. Tumezoea kufundisha kauli ya kutendwa kama suala la mnyambuliko tu. Kumbe inaweza pia kuwa maficho.

Tatu, kulipa hakuitwi kulipa. Huitwa kuwekeza, kupanda, kuchangia, kufungua, kupandisha daraja. Waliojiunga huitwa familia, na anayekuingiza huitwa mlezi. Ukiyaondoa maneno haya na kuweka "kulipa" na "mteja", utamu wote huisha.

Nne, kiasi cha fedha hutajwa mpaka shilingi ya mwisho, lakini mahali na tarehe havitajwi. Mtu anasema alipata 1,347,500 kwa siku tisa, ila hasemi ni siku zipi, alikuwa wapi wala alizipokea kwa njia gani. Mtu aliyepata fedha kweli husimulia kinyume chake. Hukumbuka siku na mahali, na kiasi hukikadiria.

Tano, kuna haraka. "Nafasi zimebaki saba." "Ofa inafungwa leo usiku." Biashara ya kweli ingekuwepo hata kesho.

Zamani tuliwashauri wanafunzi wayatambue maoni ya uongo kwa makosa ya kisarufi, hasa pale ambapo mashine ilitafsiri Kiingereza neno kwa neno. Ushauri huo hautoshi tena. Programu za akili mnemba, au akili unde kama wasemavyo wenzetu wengine, sasa huandika Kiswahili chenye upatanisho sahihi. Zaidi ya hayo, kisa chetu kinaonyesha kwamba usahihi wa lugha haukumlinda msomaji. Usahihi ndio uliomnasa. Laiti tafsiri ile ingekuwa mbovu, pengine mama yule angeipuuza.

Shahidi, ushuhuda na shahada

Tuangalie sasa neno lenyewe. Shahidi, ushahidi, ushuhuda, kushuhudia na shahada ni maneno ya ukoo mmoja, yaliyoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu. Yote yanamhusu mtu aliyekuwepo, aliyeona, na anayesimama kusema alichokiona. Ushahidi tumeupeleka zaidi mahakamani, na ushuhuda tumeupeleka zaidi kanisani. Kwa Mwislamu, shahada ni nguzo ya kwanza ya dini yake. Kwa chuo kikuu, shahada ni hati inayosema kwamba mtu huyu tumemfundisha, tumempima, nasi tunathibitisha.

Hapa Uganda neno hili lina uzito wa pekee. Kila tarehe 3 Juni mahujaji humiminika Namugongo kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, vijana waliochomwa moto hapo mwaka 1886 kwa kukataa kuikana imani yao. Hao waliitwa mashahidi kwa kuwa walilipa kwa maisha yao neno walilolisema. Mwandishi wa ushuhuda wa uongo hakuwepo, hakuona, wala halipi chochote. Anayelipa ni msikilizaji. Kulitumia neno moja kwa wote wawili ni jambo linalopaswa kutukera sisi tunaojiita wataalamu wa lugha.

Wapo watakaosema kwamba mfasiri ni mjumbe tu, na mjumbe hauawi. Hoja hiyo tuliitumia sisi wenyewe kwa siku kadhaa ili tupate usingizi. Lakini mjumbe hubeba ujumbe wa mtu anayejulikana kwenda kwa mtu anayejulikana. Aliyeambiwa "weka jina lolote na mji wowote" hakubeba ujumbe wa mtu. Alimtunga shahidi. Nasi tuliosahihisha upatanisho wa maneno yake tulimpigia pasi nguo za kwendea kwa watu.

Tumefanya nini

Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini na kuagiza kifundishwe shuleni kwa lazima. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini lugha inapopanuka, soko lake hupanuka pia, na wanaokuja sokoni si wote waaminifu. Wanafunzi wetu wataendelea kupata kazi za kutafsiri na kuandika, na wanazihitaji. Hatuwezi kuwaambia wazikatae zote.

Kwa hiyo idara imekubaliana kwamba kila mwanafunzi wa tafsiri afundishwe kujiuliza maswali manne kabla ya kupokea kazi ya aina hii:

(a) Aliyesema maneno haya ni nani, na mwenye kazi anaweza kumwonyesha?
(b) Nimeombwa nitafsiri jina na mji, au nivibuni?
(c) Kampuni inapokea fedha za watu? Kama ndiyo, ina leseni ya Benki Kuu ya Uganda au ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji? Ofisi hizo hujibu zikiulizwa.
(d) Ningekuwa tayari mama yangu mdogo asome tafsiri hii na kuifuata?

Swali la nne lilipendekezwa na yule binti mwenyewe. Alikataa jina lake litajwe, lakini alikubali kisa chake kisimuliwe. Fedha alizopata kwa tafsiri zake, shilingi 20,000, alizipeleka Busia. Alimwambia mama mdogo kuwa ni mchango wa karo.

Kwa upande wa msomaji wa kawaida ushauri wetu ni mfupi. Ukiona ushuhuda unaokufanana kupita kiasi, simama. Tafuta mtu unayemfahamu kwa sura, aliyetoa fedha zake mkononi na si kwenye skrini. Usilipe fedha ili upewe fedha zako. Na ukiwa umeshaibiwa, usinyamaze kwa haya. Nenda polisi, na uwaambie majirani, kwa kuwa ukimya wako ndio unaowapa matapeli mteja anayefuata.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kuanzia matangazo ya usiku ya televisheni za Marekani, kupitia matangazo yasiyosomwa ya TelexFree, hadi nyota tano za leo, bidhaa inayouzwa ni ileile: neno la shahidi. Shahidi huyo huajiriwa, hutungwa, au hugeuzwa kutoka miongoni mwa wanaoibiwa. Katika hatua zote hizo anahitajika mtu mwenye kuijua lugha vizuri.

Kila mwaka chuo chetu hutoa shahada, na jamii huziamini kwa kuwa inaamini kwamba tulikuwepo, tuliona na tunasema kweli. Tukiwaacha wahitimu wetu watoke wakauze shuhuda za uongo kwa Kiswahili safi tulichowafundisha, siku moja watu watauliza thamani ya shahada zenyewe. Na swali hilo litakuwa la haki.